Dirisha la Usawa wa Godoro

Mume wangu alipopooza upande wa kulia tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Nyalenda, na dirisha la chumba hicho lilikuwa juu, karibu na dari. Akiwa kitandani aliona kipande cha anga kisichozidi sinia. Kwa hiyo tulipopata ploti upande wa ziwa, nje kidogo ya mji, nilimwambia mchoraji ramani aniwekee chumba kidogo cha pembeni chenye dirisha la chini kabisa, usawa wa godoro.

Kijana alicheka. "Mama, hiyo si dirisha, ni mlango ya kuku." Lakini alichora.

Nilituma maombi ya kibali kwa mtandao, kwenye saiba. Wiki tatu baadaye nikaitwa ofisi ya vibali. Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta na joto lote lile.

"Ulishawahi kuomba kibali cha ploti hii?"

"Hapana. Tumenunua mwaka jana, ilikuwa kichaka."

Akanisukumia faili la kahawia lililoliwa kingo na mende. Lilikuwa limetolewa stoo asubuhi hiyo, alisema, kwa sababu namba ya ploti ni ileile. Ndani mlikuwa na ramani iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni. Vyumba vitatu, baraza, na pembeni chumba kidogo. Dirisha la chumba hicho lilikuwa chini, na mkono wa mtu ulikuwa umeandika: inchi kumi na nane kutoka sakafuni. Kwenye ramani yangu tuliandika sentimita arobaini na tano. Mama yule alipiga hesabu kwenye simu yake, kisha akaiweka simu kifudifudi.

Chini ya ramani kulikuwa na karatasi za ukaguzi. Ya kwanza: *Msingi umepita. Mwenye nyumba yupo.* Ya pili: *Mwenye nyumba hayupo.* Ya tatu: *Mwenye nyumba hayupo. Kuta hazipo.*

"Kuta hazipo ni vipi?" nikauliza.

"Aliyeandika hakueleza." Akafunga faili. "Hicho kibali kilikufa zamani, mama. Chako kitatoka."

Kikatoka kweli. Fundi wangu, mtu mzima kutoka Manyatta, akafyeka majani, akavuta kamba na kuanza kuchimba mitaro ya msingi. Siku ya pili akanipigia simu. "Mama, kuja uone."

Chini ya udongo, futi mbili hivi, kulikuwa na mstari wa mawe yaliyoshikwa na simiti. Kamba yetu ilipita juu yake katikati, kutoka kona hadi kona, kote kuzunguka. Fundi alikuwa ameshatoka mtaroni, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Hii ni gunda," akasema. Ndivyo Wajaluo wanavyoita boma ambalo wenyewe walishaondoka. "Mimi sijengi juu ya nyumba ya mtu." Akakusanya vifaa vyake.

Mkaguzi wa majengo wa ofisi ile alikuwa amenipa Alhamisi ya kuangalia mitaro, na Alhamisi akaja: mtu mwembamba, mpole, ana tepu na nondo fupi. Aligonga mawe kwa ile nondo, kila mara akiinamisha kichwa kusikiliza.

"Ulimwambia fundi afuate huu msingi?"

"Hatukujua upo."

Akanionyesha kona za mawe kwa nondo. "Mtu anaweza kubahatisha kona moja, mama. Si nne."

Msingi wa zamani hauwezi kubeba nyumba mpya, akasema. Ama niung'oe wote nichimbe zaidi, ama nisogeze nyumba na kuomba kibali upya.

Kabla ya kumjibu nilikwenda kwa jirani, bibi aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye neti. Nilimuuliza ni nani aliyeanza kujenga pale. Hakuinua macho.

"Mwalimu mmoja wa kike. Alimjengea mamake, miguu ilikuwa imekufa. Kuta zikafika kwa linta, pale juu ya madirisha, wakaambiwa wangoje mkaguzi. Akaja siku binti hayupo, akarudi bila kupima; wakangoja tena mpaka mvua ikaisha. Mama akafa akingoja dirisha. Binti akaleta watu, wakabomoa mpaka chini. Mkaguzi alipokuja tena hakukuta kitu."

Jioni nilimweleza mume wangu yote. Tangu augue maneno yake hutoka moja moja.

"Usisogeze," akasema. Nikangoja. "Harakisha."

Wazee wa kanisa waliomba pale mtaroni, ndipo fundi akakubali kurudi, kwa sharti kwamba ang'oe kila jiwe la zamani mwenyewe. Msingi mpya ukapita. Kuta zikapanda. Zilipofika kwenye linta niliomba ukaguzi wa Jumanne. Jumanne mkaguzi hakuja. Jumatano ilinyesha. Alhamisi mume wangu alishikwa na kifua, akalazwa, akawekewa oksijeni. Mkaguzi akanitumia ujumbe: wiki ijayo.

Ijumaa nilikwenda nikaketi mlangoni pa ofisi yake mpaka akatoka.

"Haraka ya nini, mama?"

Nikamwambia alichosema bibi wa omena. Nilidhani atanicheka. Alirudi ndani, akachukua kofia yake ya saiti, tukapanda boda moja.

Alipima kuta zote. Kwenye chumba kidogo akasimama mlangoni.

"Nani analala humu?"

Fundi alikuwa amemwaga mchanga sakafuni siku iliyotangulia na kuusawazisha kwa ubao. Chini ya dirisha mchanga ulikuwa umebonyea: mabega, nyonga, visigino, kichwa kimeelekea ziwani. Hapakuwa na nyayo za kuingia wala za kutoka.

"Labda mbwa," fundi akasema, huku akirudi nyuma.

Mkaguzi hakuukanyaga mchanga ule. Aliegemeza karatasi ukutani. "Simama hapa karibu yangu," akaniambia, na nikasimama, bega kwa bega, huku akiandika polepole: *Kuta zimepita. Mwenye nyumba yupo.*

Jumapili mume wangu alitolewa oksijeni.

Tuliezeka mabati mwezi uliofuata, ukaguzi wa mwisho ukafanyika, na cheti cha kuhamia kikatoka bila maswali. Watu wa kanisa walitusaidia kuhama Jumamosi moja. Huu ni mwaka wa tatu. Mume wangu sasa hutembea na mkongojo mpaka barazani, na hubishana siasa na bibi jirani mpaka chai inapoa. Hajawahi kusema ameona kitu, nami sijamuuliza. Mimi ndiye ninayeogopa bado. Nikitoka sokoni nikaikuta nyumba kimya, huita kwanza nikiwa getini, na siingii mpaka nisikie sauti yake ikiniitikia.