Ndege wa Shamba la Kijiji

Mwinjilisti wetu alitufundisha kwamba ndani ya Mungu hamna ubaya hata chembe. Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa naye aliitikia amina, ila kila baya lililotupata alimkabidhi Mungu huyo huyo. Mavuno mazuri yalikuwa juhudi za Chama, na njaa ilikuwa mapenzi ya Mungu.

Mwaka mmoja uwele wa shamba la kijiji ulistawi kuliko wote. Ulipokaribia kukomaa, kwelea kwelea wakaushukia. Asubuhi ile dungu la kuamia ndege lilikuwa tupu, kwa sababu kila mtu, mwinjilisti akiwemo, alikuwa kwenye kishamba chake akizungusha kombeo. Vishamba vyetu vilipona. Shamba la wote likabaki mabua.

Mkutanoni mwenyekiti alisema hiyo ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Tukainamisha vichwa kwa heshima. Hakuna mkosaji mzuri kama yule asiyehudhuria mkutano. Mwinjilisti alitazama viatu vyake, maana akimtetea Mungu ingebidi aseme yeye alikuwa wapi.

Mama yangu akanyoosha mkono.

“Ndugu mwenyekiti, Mungu alilisha ndege wake kama alivyoahidi. Ila hakusema watakula wapi. Hapo tulimsaidia sisi.”

Jumapili mwinjilisti akahubiri kwamba ndege wale walitumwa na Shetani, nasi tukaitikia amina kwa sauti moja.