Volkswagen ya Baba, Mercedes ya Jirani

Juzi nilikuwa Soko la Toi nikimtafutia mtoto sweta, nikaona Volkswagen ya zamani, ile ya mviringo, imefungwa riboni za harusi na vijana wanaipiga picha. Nilisimama hadi mwenye sweta akaniuliza, "Mathe, unanunua ama unaangalia gari?" Rafiki yangu, nililipa sweta bila hata kuomba punguzo.

Baba yangu alikuwa na kama hiyo, ya miaka ya sitini. Alikuwa fundi wa magari Kawangware, na aliiunda upya kutoka kwa mabaki, kipande kwa kipande. Jirani wa mlango wa pili, dereva mstaafu kutoka upande wa ziwa, alikuwa na Mercedes ya dizeli ya miaka ya themanini, aliyouziwa na tajiri wake wa zamani. Mimi ndiye niliyeyaosha magari yote mawili kila Jumamosi. Ya baba ilinukia petroli na mpira. Ya jirani, ngozi na mafuta yake ya nywele. Mlango wa Volkswagen ulilia kama kifuniko cha sufuria. Wa Mercedes ulifungika taratibu, kama wa kanisa.

Jumapili baada ya ibada, mke wa jirani akikaanga omena, wale samaki wadogo wa kwao, wanaume hao walitoa viti nje.

"Omera, maji tunanunua kwa mtungi, nawe unanywesha gari!" baba alianza, akimwita ndugu kwa lugha ya ziwa. "Injini yangu inapozwa na upepo tu."

"Mulamwa," jirani akajibu, naye akimwita shemeji kwa lugha yetu, "hiyo yako inapiga kelele kama kinu cha posho. Yangu ni dizeli, unangoja kwanza taa ya kupasha injini moto izime ndipo uwashe. Mtu mzima haamshwi kwa kofi."

Walibishana hadi chai ikapoa. Baba hakuwa na rafiki mwingine Nairobi.

Nilipokuwa darasa la saba, miguu ya jirani ilivimba asiweze kukanyaga breki. Mkewe akamletea baba ufunguo wa Mercedes awapeleke hospitali. Nilikaa nyuma na mama huyo, nimepakata kibuyu cha uji. Tulipita mashimo yote ya Riruta na uji haukumwagika hata tone.

Jirani akamtazama baba. "Sasa, unaionaje?"

"Ni nzito," baba akasema.

Jirani akacheka kidogo, akafumba macho.

Hakurudi. Wanawe walimzika kwao, wakaiuza Mercedes. Baba aliendelea kutoa kiti chake nje kila Jumapili, kimoja, akanywa chai ingali moto.

Siku moja tulikuwa duka la spea pale kituo cha Kawangware 56. Kijana mmoja akasema, "Hizo Benz za kitambo ni chuma ya kuuzwa kwa kilo."

Baba akageuka. "Umewahi kukalia moja? Gari hiyo inapita shimo na mgonjwa hajui kama kuna shimo." Aliacha plagi alizokuja kununua pale kaunta, tukatembea hadi nyumbani. Nilimwonea huruma. Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe, yule jirani, na mwenyewe hakuyasikia.

Baba naye hayupo sasa. Ploti yetu imekuwa ghorofa, na mimi naendesha gari la Kijapani. Jioni naliegesha katikati ya mengine yanayofanana nalo, na sisi wenye magari hatusalimiani.