Herufi Mbili za Mzee Luseno

Mtaani Shauri Moyo, saa nne asubuhi. Fundi Ambaro Gedi anawasha kompyuta, anakunja mikono, anangoja. Kwenye kioo cheusi zinatokea herufi mbili tu, LI, kisha kimya.

Mwenye mashine, Mzee Zedekiah Luseno, karani mstaafu wa reli kutoka Makongeni, anafumba macho. "Mafundi wawili wameniambia tufomati," anasema. "Yaani kila kitu kifutwe. Nikawaambia heri mnifute mimi."

Humo ndani mna maneno 2,140 ya Kibukusu, aliyoyaandika kwa miaka mitatu huku mamake akimtajia moja moja. Februari mwaka huu wa 1999, mama alipatwa na kiharusi. Hasemi tena. Nakala nyingine? Hakuna, jameni!

Kompyuta ina mifumo miwili, Windows na Linux, aliyowekewa na bintiye Nerima kabla hajaenda kusoma ng'ambo. Maneno yako upande wa Linux. Umeme uliunguza mashine ya kwanza, diski ikahamishiwa hii, na tangu hapo haivuki herufi hizo mbili.

Ambaro, miaka 31, alikuwa mpiga chapa. Ufundi aliupata kwa kufungua mashine zilizotupwa na maofisi. Siku nzuri hupata shilingi mia sita, siku mbaya hupata chai.

"Wateja huniuliza, 'Dada, fundi yuko wapi?' Nawaambia ametoka, lakini ameniachia bisibisi."

Anamgeukia mzee. "Baba, haijafa. Hiyo ni nusu ya neno LILO, programu inayokuuliza uingie upande gani. Imeamka, ikakwama njiani. Maneno ya mama hayajaguswa."

Anaingiza disketi, anaiamsha Linux kupitia hiyo, kisha anaiagiza LILO ijiandike upya. Anaitoa disketi. "Sasa washa wewe, baba."

Mzee anabonyeza. L, I, L, O. Inauliza aingie wapi.

Mzee anachagua Linux, anaifungua orodha ya maneno na kusoma neno la kwanza alilopewa: "Mayi. Mama." Hasomi la pili. Analia waziwazi, na Ambaro naye anajipangusa kwa ncha ya mtandio huku akidai ni vumbi.

Anamtolea nakala tatu, anamkataza kuziweka mahali pamoja.

Mwezi huu Ambaro alipanga kununua printa. "Itangoja, pesa hiyo ni ya nauli," anasema. "Nyanya yangu yuko Garissa. Ana miaka tisini na bado anaongea. Jumamosi naenda na daftari."