Alfajiri Niliyouombea Ukungu

Usiku ule nilikaa dirishani nikiuombea ukungu uje. Mama gani huombea ukungu ndege ikiwa njiani? Ndiye mimi.

Kitindamimba wangu hutabiri hali ya hewa uwanja wa ndege. Kwa nilivyomwelewa, kompyuta hulishwa vipimo vya joto na upepo kutoka vituo vingi, ndipo hutabiri. Kazi yake ni kukagua kama chakula hicho kinaifaa: huondoa kipimo kimoja, hutabiri upya, kisha hulinganisha na kilichotokea kweli. Tangu utotoni hakubali kitu bila kukionja. Hata mchuzi wangu haukusalimika.

Safari hii akagundua kwamba kipimajoto kimoja kimesimikwa karibu na jenereta. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa, kipimajoto hupashwa, na kompyuta hudanganyika ikasema kutakucha kweupe. Jioni ile umeme ulikatika. Alipokiondoa kipimo kile, kompyuta ikasema ukungu. Akamwomba bosi wake ndege iongezwe mafuta kabla ya kuondoka huko itokako, iweze kugeukia uwanja mwingine. Bosi alikubali shingo upande, akamwambia jua likichomoza bila ukungu, majaribio yake yamekwisha na atarudi kurusha maputo ya kupimia hewa. Aliyasema hayo akicheka. Binti yangu hakucheka, wala mimi aliponisimulia kwenye simu. Ameisotea kazi ile.

Nyota zikang'aa kana kwamba zinanikomoa. Kulipokaribia kupambazuka, ukuta wa jirani ukaanza kufifia, kisha sikuuona tena. Nikashukuru. Mara roho ikaniruka: na walio angani je? Nikampigia binti yangu simu, haikupokelewa. Nikampigia dada yangu, nikamwamsha.

"Mdogo wangu, ndege inabebwa na mabawa, haibebwi na presha yako. Chemsha chai."

Nikachemsha. Ikapoa bila kuguswa.

Ukungu ulikuwa bado umetanda niliposikia hatua kibarazani. Nilihangaika na komeo kama mgeni wa nyumba yangu mwenyewe, hadi mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama, nywele zimelowa, macho mekundu.

"Wametua?" Salamu niliisahau.

"Wametua, mama. Uwanja wa pili, wote salama. Bila yale mafuta wasingefika." Akaegemea mlango. "Bosi yuko kule uwanjani na koleo, anakihamisha kipimajoto mwenyewe."

Nikamvuta ndani.