Betri za Mashua ya Baba Zilivyokwenda Matangani

Baba yangu ana mashua ndogo ya tanga ya kuvulia samaki ziwani, kule Mahagi-Port. Kwa miaka mingi, siku ambazo upepo uligoma, alitegemea mashine ya mazutu, yaani dizeli, iliyofungwa tumboni mwa mashua, na moshi wake wote aliumeza yeye. Mwaka jana kifua kikamwangusha. Daktari akamwambia wazi: moshi au uhai, chagua.

Nikamchagulia mimi. Ile mashine niliichomoa, wachimba dhahabu wa Iga Barrière wakaichukua ya kuvutia maji shimoni, nami nikanunua moteri ya umeme na betri mbili kubwa. Betri nilizijaza kwa paneli za jua juu ya paa letu Bunia, nikamwachia baba mkubwa azilinde siku nne wakati nakwenda kufunga moteri.

Niliporudi kuzichukua, sikuzikuta. Jirani alikuwa amefariki, na betri zangu zilikuwa matangani! Siku tatu zimepiga bafle, zile spika kubwa za kwaya, zimewasha taa, zimejaza simu za mtaa mzima, mpaka zikakauka kabisa. Betri za namna hiyo ukizikausha umeziua. Nikamfuata baba mkubwa huko huko matangani.

"Baba mukubwa, hizi iko za mashua!"

"Mutu amekufa, weye unalilia bateri?" akanijibu mbele ya wafiwa. "Siye tungewaambia nini? Ati bateri iko na kazi ya samaki?"

Nikaonekana mchoyo, mimi! Kwetu matangani hakunyimwi kitu, najua. Viti, sufuria, turubai, vyote hutoka. Lakini kifua cha baba yangu si turubai.

Nilizijaza tena, taa ya chaja ikawaka kijani, ikanidanganya. Ziwani tuliondoka vizuri, kimya, bila moshi, baba akitabasamu kama bwana harusi. Kisha moteri ikazimika katikati ya maji, na upepo hakuna. Nikashika kasia. Baba naye akashika la pili, akikohoa kila akivuta, nikimkataza hasikii. Ndipo nikamwambia yote, kaka yake alivyozitoa betri bila hata kuniuliza.

"Marehemu alizikwa muzuri?" akauliza.

"Muzuri."

"Basi. Hata miye ningewapa."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote, maana alisema hivyo ameshika kifua, na ufuko ulikuwa bado mbali.