Potwe Aliyezuiwa Maktabani

Mfadhili aliyeleta kompyuta na mtandao katika maktaba yetu ya Kilindoni hakuleta programu ya kuchuja picha chafu. Alisema hiyo tujitafutie wenyewe, na ada yake hulipwa kila mwaka. Wazazi nao wakasema bila chujio watoto wao hawatakanyaga pale. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati, kwa hiyo Ijumaa moja baada ya sala nilisimama msikitini nikaomba mchango. Wavuvi walitoa, wenye maduka walitoa, akina mama wanaolima mwani wakatuma chao kupitia kwa waume zao. Nikawaahidi kwamba hata bega wazi halitapita.

Fundi alipokuja kuiweka aliniuliza nataka ukali wa kiasi gani.

"Wa mwisho," nikasema.

"Mzee wangu, wa mwisho hata mkulima aliyevua shati hapiti."

"Avae."

Tulicheka sote wawili. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo.

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa akilima mwani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye boti zinazopeleka wageni kumtazama papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote. Ikatangazwa nafasi moja ya kuongoza wageni. Anayeitaka lazima aweze kumtofautisha potwe huyu na yule kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya mashavu. Simu yake ilikuwa ya tochi, isiyo na mtandao, hivyo akaenda maktaba. Kila video aliyoigusa ilizuiwa, kwa sababu karibu kila potwe aliyepigwa picha chini ya maji ana mzungu kando yake, na mzungu amevaa nguo ya kuogelea. Mashine iliona mapaja, ikamficha na samaki.

Alinifuata barazani. "Mume wangu," akanitania, kama wajukuu wa kwetu wanavyowatania babu zao, "umenifungia samaki wa kwetu. Mzungu anamwona akiwa kwao Ulaya, mimi nisimwone?"

"Ahadi ni ahadi. Fedha ile watu waliitoa kwa nia."

"Basi waombe waibadili nia."

Alisema kweli. Kwetu mchango uliotolewa kwa jambo fulani haubadilishwi mpaka waliotoa waridhie, na njia ya kuwauliza niliijua. Lakini niliona haya kusimama tena mbele ya watu wale wale kuwaambia kwamba nimekaza kupita kiasi. Nikamwambia angoje. Akangoja, hata siku ya usaili ikafika. Walimwekea picha mbili mezani, akashindwa kusema kama ni samaki mmoja au wawili. Kazi akapewa mwingine. Alirudi, akabadili nguo, akaenda kuanika mwani bila kunitazama.

Kesho yake nilimwomba fundi anifungulie video moja, mimi peke yangu.

Nimezaliwa kisiwani Juani, na potwe nimewaona tangu nipate akili. Lakini sisi tulimwona kutoka juu: mgongo, pezi, basi, tukainua nyavu apite. Sikujua kwamba ana tumbo jeupe vile. Sikukijua kile kinywa, kipana kama kitanda, kikifunguka taratibu huku visamaki vikiogelea mbele yake bila hofu. Madoa yake yalikuwa kama mchele uliomwagika juu ya kaniki, na fundi akaniambia hakuna wawili wanaofanana. Miaka yote ile kiumbe yule alikuwa akipita chini ya miguu yangu.

Ijumaa nikasimama tena msikitini. Nikasema nilikaza kuliko ilivyohitajika hata potwe akazuiwa, na kwamba mjukuu wangu amekosa kazi kwa sababu ya haya zangu; nikawaomba waridhie chujio lilegezwe. Mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, akauliza, "Samaki gani huyo wa kuvunjia ahadi?" Nikajaribu kumweleza, maneno yakaniishia. Nikasema, njooni.

Wakaja. Mlangoni mwa maktaba wakavua viatu bila kuambiwa. Fundi akafungua video, na potwe akaja akikua mpaka akajaza kioo kizima. Kisha mwogeleaji, mwanamke, akakatiza mbele yake, na mvuvi mmoja mkongwe akapunga mkono kwa hasira.

"Pisha, mama, tunatazama!"

"Subhanallah," akasema mwenye duka, akaomba irudiwe.

Waliridhia pale pale, na chujio likalegezwa. Picha chafu hazipiti hadi leo.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma, karibu na dirisha. Nilimwendea nikamwomba radhi mbele yao wote.

"Nimekusamehe, babu," akasema. "Lakini kazi imeshapata mtu."

Akanipita, wazee wakajisogeza, akaketi mbele ya kompyuta na kumfungua potwe mwingine.