Ramani Niliyoichora Mguuni kwa Bi Harusi

Nawaombeni msinicheke mapema, ngojeni nimalize ndo mcheke, maana aibu yenyewe nshaizoea lakini mpaka leo nikipita Bububu hujifunika ushungi hadi puani, na kuna siku niligeuza njia nikazunguka kwenye jua kali kwa sababu tu nilimuona mtu anayefanana na Bi Rukia. (Hakuwa yeye. Alikuwa muuza ndizi.)

Mie kazi yangu kupaka hina. Maharusi wengi wa Mji Mkongwe wamepitia mikononi mwangu, hilo silitii chumvi. Ila nna maradhi: mikono ikifanya kazi, mdomo nao unataka kazi yake, na mdomo wangu haupendi habari za nani kaachwa nani kaongezewa mke, unapenda vita. Mipaka, makombora, nani kavuka kwa nani, nani angefanya nini lau angekuwa na akili kama zangu. Redio naiwasha tangu alfajiri, na simu imejaa video za wale mabwana wanaosimama mbele ya ramani. Safari yangu ya mbali kabisa ni Dar es Salaam, nako nilifika nimetapika njia nzima kwenye boti, lakini uniulize manowari za watu zikae upande gani wa bahari, nakujibu bila ya kumeza mate.

Basi siku hiyo nilikwenda Bububu kumpaka Raya, aliyekuwa anaolewa kesho yake. Nikamkuta kalala chali kwenye godoro, kapakwa singo la kulainisha ngozi uso mzima, macho kafumba, masikioni kaweka hedifoni, hayupo duniani. Mama yake, Bi Mgeni, mtu mpole ambaye hata paka humfukuza kwa kumwomba, alikuwa anaingia na kutoka. Pembeni alikaa Bi Rukia, shangazi yake bwana harusi, aliyeletwa na upande wao kukabidhi begi la nguo, na pia (sote tulijua) kutazama kama bi harusi anatengenezwa sawasawa.

Nilikuwa nshamaliza mikono, naanza miguu. Televisheni ikaleta taarifa ya habari. Bi Mgeni akachukua rimoti atafute mchezo wa kuigiza, na hapo, jamani, ndo nilipojichimbia. Nikasema, "Bi Mgeni, hebu iache kidogo."

Kidogo tu.

Habari ilikuwa ya visiwa viwili vilivyo mdomoni mwa mlango wa bahari, zinavigombania nchi mbili (sizitaji, zishaniponza vya kutosha). Bi Rukia akasema polepole, kama anayejisemea, "Si wangewaachia tu walio karibu, watu wakapita kwa amani?"

Mtu mwenye adabu angeitikia "Inshallah" akaendelea na maua yake. Mie nikacheka, kile kicheko cha mjuzi anayewahurumia wasiojua.

"Ukaribu si hoja, Bi Rukia. Kwa hivyo Pemba nayo wapewe watu wa Tanga, maana ndo walio karibu?"

Sikujua kama Bi Rukia ni Mpemba. Wallahi sikujua. Upande mzima wa bwana harusi kwao Wete, wamehamia mjini hivi karibuni tu. Bi Mgeni alijua, akaanza kukohoa mlangoni, akakohoa, akakohoa tena, nami nikamgeukia nikamwambia anywe tangawizi.

"Pemba umemgaia nani?" akauliza Bi Rukia.

"Sijamgaia mtu. Natoa mfano."

"Mfano wa Unguja hukuuona?"

Nikaona hanifahamu, basi nimchoree. Mkononi nna koni ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, na mbele yangu upo muundi wa Raya, safi, laini, sijaugusa bado. Akili ikasema tafuta karatasi, lakini mkono ushafika. "Tazama. Hii pwani. Hiki kisiwa kikubwa, hiki kidogo. Sasa manowari zikija na huku," nikapiga mshale kutoka chini ya goti mpaka kifundoni, "zikaufunga mlango huu asipite mtu, basi wiki haishi washasalimu amri." Na pahala pa kuweka kambi nikatia alama ya kuzidisha, kubwa, nikairejea mara mbili ikolee.

Niliponyanyua uso, Bi Rukia hakuwa akiitazama ramani, alikuwa akinitazama mie. Akavaa buibui lake, akasema, "Sie tunaondoka," ingawa alikuwa peke yake, na kweli akaondoka.

Hapo ndo Raya akafumbua macho. Kwa msiojua, piko si hina, likishika limeshika, na lile lilikuwa lishashika. Akakaa, singo linamdondoka mashavuni, akautazama mguu wake.

"Da Zuhura, nini hii?"

Nikamwambia, "Mlango wa bahari."

(Jibu gani lile? Ningesema ua! Ningesema mtindo mpya wa Bara Hindi!) Mtoto wa watu akaangua kilio. Nikahangaika, pwani nikaigeuza mmea unaotambaa, kisiwa kikubwa kikawa waridi, kidogo kikawa chipukizi, kambi ya jeshi ikawa kipepeo. Mshale ndo ulionishinda. Nikautia majani huku na huku, ukafanana na mnazi ulioanguka.

Haikufika adhuhuri, simu ya Bi Mgeni ikalia. Kikwajuni, kwa kina bwana harusi, habari zimefika kwamba watu wa Bububu wameitoa Pemba wakawapa watu wa Tanga, na bi harusi kachorwa mguuni kama ushahidi. Mzee wao kasema harusi isimame kwanza, aelezwe. Bi Mgeni akaiweka simu chini. Yule mpole wangu akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nikiyajua.

"Zuhura, utakwenda mwenyewe ukawaeleze."

Nikaenda baada ya alasiri. Uwani nikakuta wanawake wamejaa, wanamenya vitunguu vya pilau. Nikasimama katikati yao na mkoba wangu wa hina. "Shikamooni," nikasema. Hakuitika mtu, isipokuwa bibi mmoja asiyesikia vizuri aliyesema marahaba, nazi zitue pale. Nikaomba radhi kwa sauti ya juu. Nikasema Pemba ni ya Wapemba, haina mjadala, nikaisifu karafuu, nikawasifu ng'ombe wao, nadhani nilisifu mpaka mvua. Mara vitunguu vikanipanda, machozi yakaanza kunitoka, na wao yanawatoka, mtu angechungulia angedhani tuna maiti ndani.

Akatoka Bi Rukia, akanishika mkono akanitia jikoni.

"La Pemba nshakusamehe," akasema. "Midomo yenu watu wa mjini tunaijua." Akafunika sufuria iliyokuwa motoni. "Lakini ule mlango uliouchora, mwanangu Khamis anapita pale. Baharia, yumo kwenye meli ya mizigo. Siku hizi nampigia, hapatikani. Nimekaa pale nasikiliza habari, nawe unasema ufungwe asipite mtu."

Nikautua mkoba wa hina sakafuni. Miaka yote ile ya kupanga vita vya watu, katika ramani zangu hapakuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na mishale tu.

"Nisamehe, Bi Rukia," nikasema. Safari hii haikuwa kwa vitunguu.

Akanitazama, kisha akanipa kisu. Nikamenya mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi yake, mzee wao keshaelezwa na karidhika, ndoa ikafungwa, na wanawake wa Kikwajuni wakaja Bububu kumtazama bi harusi. Mie nilijibanza nyuma ya mlango. Bi Rukia aliingia wa mbele, uso umemkunjuka, anamwambia kila anayempita kwamba Khamis kapiga simu, wapo bandarini, salama. Nikashukuru kimyakimya. Kisha nikamuona anakwenda moja kwa moja alipokaa Raya, anainama, anapandisha pindo la nguo.

"Na hiki kisiwa hapa, Raya," akasema, kidole juu ya waridi, "nacho kina mgogoro?"

Bi harusi anatakiwa ainamishe macho na anyamaze. Raya aliinamisha macho.

"Hakina, shangazi. Kina mwenyewe tangu asubuhi."

Jamani! Vigelegele vile nadhani vilisikika Chwaka. Watu walianguka juu ya mito. Halafu sauti moja ikauliza, "Mchoraji yuko wapi?" na Bi Mgeni, mpole wangu, akaufungua mlango nikaonekana. Wakanivuta mpaka katikati, mmoja akachomoa fimbo ya pazia akanipa, eti niwaoneshe manowari zinapita wapi. Mbele ya koo mbili, nimeshika fimbo ya pazia, nimelowa jasho. Tangu siku hiyo jina langu Bi Manowari, na wapo wanaodhani ndo nilivyozaliwa.

Habari bado nasikiliza, sitowadanganya. Ila wakiniuliza nani mwenye haki, nasema sijui, na neno hilo mara ya kwanza lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki changu. Na nimeapa, piko likiwa mkononi mwangu, hata mkisema mnaigawa Unguja vipande viwili na nyumba yangu ipo katikati, mie nitainamisha kichwa na kuuliza tu, bi harusi, kidole gani kinafuata?